Fuawe: namna ya kuichagua, kuitambua na kuitunza, hatua kwa hatua

"Fundi, nimepata fuawe." Maneno hayo nayasikia mara nyingi, na karibu kila mara yanafuatwa na masikitiko. Fuawe ndicho kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia vyuma juu yake. Kijana anashusha kiroba begani, anatoa chuma chenye pembe nzuri, kimepakwa rangi ya buluu inayong'aa. Nachukua goroli ya beringi, naiachia juu ya uso wa chuma kile. Inatua dup! na kubaki pale pale kama imeangukia ugali. Hapo nakuwa nimeshajua yatakayofuata. Panga la kufuliwa kwa muda wa saa mbili litamla siku nzima, na kabla mwezi haujaisha pembe ile itakuwa imemeguka.

Mimi mwenyewe niliumia hivyo hivyo. Fuawe yangu ya kwanza niliinunua mpya dukani, kilo 25. Wiki ya pili ukingo ukameguka kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Pale palipomeguka palikuwa na rangi ya kijivu, punje punje kama sukari. Hicho ni chuma cha kusubu, kinachomiminwa kwenye kalibu, na sikuwa najua kukitambua. Pesa ilikuwa imeshakwenda.

Kosa tunalorudia ni kununua umbo. Nyundo haijui umbo. Inachojua ni mambo matatu: uso mgumu unaoirudisha juu, uzito uliosimama moja kwa moja chini ya pigo, na kitako kisichoyumba. Kipande cha reli kilichosimamishwa vizuri kina vyote vitatu, na fuawe ya dukani yenye pembe na rangi inaweza isiwe na hata kimoja.

## Vitu vya kuandaa

Vya kupimia, unavyokwenda navyo kwa muuzaji:

- Goroli moja ya chuma yenye kipenyo cha milimita 25 hivi. Ivunje kutoka kwenye beringi kubwa iliyokufa.
- Rula ya chuma ya sentimita 30.
- Nyundo ndogo ya robo kilo hadi nusu kilo.
- Tupa ambayo bado inauma.
- Brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa kidogo.
- Chaki na tochi.
- Miwani ya kinga. Hii si ya hiari.

Vya kusimikia, ukishainunua:

- Gogo la mti mgumu, au mbao nene za kuunganisha.
- Pima maji na futi kamba.
- Bolti ndefu au misumari minene, na vipande vya chuma bapa.
- Tyubu ya silikoni.
- Mnyororo mfupi mzito au sumaku ya spika mbovu.

Na tukubaliane majina, ili nisikupoteze huko mbele. Juu ni uso, mahali pa kupigia. Mbele ni pembe, ya kukunjia chuma. Kati ya uso na pembe kuna kidato, kimeshuka kidogo chini ya uso. Nyuma ni kisigino, chenye tundu la mraba la kusimikia vifaa na tundu dogo la mviringo la kutobolea. Katikati kumebonyea, hapo ni kiuno, na chini kabisa ni miguu.

## Hatua ya 1: Pima kazi yako kwanza

Anza na nyundo unayoitumia kila siku. Kanuni ya wahunzi ni kwamba fuawe iwe na uzito wa nyundo mara 50 hivi. Nyundo ya kilo moja, fuawe ya kilo 50. Nyundo ya kilo moja na nusu, kilo 75.

Sababu yake ni hii: fuawe nyepesi inakimbia pigo. Kila unapopiga inasogea chini kidogo, na nguvu iliyotakiwa kukifinya chuma inaishia kuisukuma fuawe. Huoni ikisogea, lakini bega lako linajua jioni.

Kwa visu, patasi na vifaa vidogo, kilo 30 hadi 50 zinatosha. Kwa majembe, mapanga na nakshi za mageti, tafuta kilo 70 na kuendelea. Chini ya kilo 20, mwachie sonara na fundi bati, isipokuwa ni chuma kizima kilichosimama wima, na hilo nitalieleza kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Tazama kabla hujagusa

Rangi mpya kwenye fuawe ya zamani inakuambia usimame kwanza. Rangi inaficha nyufa, na chini yake panaweza kuwa na puti ya magari iliyoziba mahali palipomeguka. Muombe muuzaji ruhusa, paka mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya waya. Asiyekubali usugue hata mahali padogo, muage kwa heshima uondoke.

Angalia sehemu nne kwa tochi:

Kwanza, mstari chini ya uso. Fuawe nyingi za zamani zina bamba la feleji (chuma kigumu, stili) juu na chuma laini chini, vimeunganishwa kwa moto. Mstari mwembamba uliofungana si tatizo. Mstari unaoingiza ncha ya wembe ni tatizo kubwa, maana bamba linaachia.

Pili, kona nne za tundu la mraba. Nyufa hupenda kuanzia hapo.

Tatu, kiuno. Ufa unaokata kiuno, hiyo ni ya mizani ya vyuma chakavu.

Nne, uso wenyewe. Laza rula ya chuma juu yake kwa urefu. Ukiona uso umezama katikati milimita mbili au tatu, usikimbie. Uso uliozama kidogo unasaidia hata kunyoosha vipande vilivyopinda. Uliozama kama sahani ndio wa kuuacha.

Kingo zilizomeguka hapa na pale ni kawaida kwa chuma kilichofanya kazi miaka mingi. Unahitaji sentimita 10 tu za ukingo mzuri upande mmoja. Usipunguze heshima ya fuawe nzuri kwa sababu ya kingo, ila zitumie kupunguza bei.

## Hatua ya 3: Soma alama

Fuawe za zamani zinaonekana huku kwetu kwenye karakana za misheni, karakana za reli, mashamba ya mkonge na gereji zilizorithiwa. Nyingi zimechapwa alama ubavuni, na kutu imezila. Sugua mahali hapo kwa chaki, kisha futa juu juu kwa kiganja. Chaki inabaki kwenye mabonde ya herufi. Halafu mulika tochi kwa pembeni, si kwa mbele, na uifanye kazi hii jioni au ndani ya chumba chenye giza. Herufi ambazo mchana hukuziona zitajitokeza.

Sasa namba. Hapa ndipo watu wanapodanganyika, hata wauzaji wenyewe. Niliwahi kumkuta mzee mmoja ana fuawe ya Kiingereza imeandikwa 1·1·10.

"Shikamoo mzee. Hii kilo ngapi?"

"Marahaba. Kilo mia na kumi, mwanangu. Imeandikwa hapo."

Haikuwa hivyo, na mzee hakuwa na nia mbaya. Waingereza waliandika uzito kwa namba tatu. Ya kwanza inahesabu ratili 112 kila moja. Ya pili inahesabu robo yake, ratili 28 kila moja. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo 1·1·10 ni 112 + 28 + 10, jumla ratili 150, sawa na kilo 68. Namba ya kati haiwezi kuzidi 3, wala ya mwisho haiwezi kuzidi 27. Ukikuta namba moja tu, kama 125, huenda ni ya Marekani, na ni ratili moja kwa moja. Za Ujerumani kwa kawaida ni kilo.

Majina machache ya kuyakumbuka: Peter Wright wa Dudley na Mousehole wa Sheffield, Uingereza, mwili wa chuma cha kufuliwa na uso wa feleji. Kohlswa na Söderfors za Uswidi, feleji tupu iliyomiminwa, ngumu na zenye mlio mkali. Peddinghaus ya Ujerumani, feleji iliyofuliwa. Hay-Budden ya Brooklyn, Marekani. Fisher, pia ya Marekani, ina picha ya tai ubavuni. Mwili wake ni chuma cha kusubu lakini uso ni feleji halisi. Jina hilo la mwisho likumbuke utakapofika hatua inayofuata.

Jina zuri halitoshi, hata hivyo. Fuawe yenye jina kubwa iliyopitiwa na moto wa nyumba inaweza kuwa imepoteza ugumu wake wote. Alama inakuambia ilivyotoka kiwandani. Goroli ndiyo itakayokuambia ilivyo leo.

## Hatua ya 4: Isikilize

Iweke juu ya vipande viwili vyembamba vya mbao, isiguse mchanga wala isifungwe. Igonge kidogo kwa nyundo ndogo, ukianzia kisigino hadi karibu na pembe, kila baada ya sentimita tatu.

Fuawe nzima ya feleji inalia kama kengele, na mlio unakawia kufa. Unachotafuta hasa ni mlio usiobadilika ghafla. Ukitoka *ting, ting, ting* ukafika mahali pakasema *tok*, simama. Rudi nyuma, gonga tena. Kama ni pale pale, chini yake kuna ufa au bamba limeachia.

Onyo moja: ukimya peke yake si hukumu. Fisher niliyoitaja hailii kabisa, na ni fuawe nzuri. Vilevile fuawe iliyofungwa kwa bolti au yenye mnyororo kiunoni hulia kidogo sana. Ndiyo maana sauti ni shahidi wa pili tu.

## Hatua ya 5: Iachie goroli

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na halichukui dakika tano.

Safisha uso hadi chuma kitupu kionekane, kwa sababu kutu na rangi vinameza mdundo. Simamisha rula wima juu ya uso. Shika goroli kwa vidole viwili, sehemu yake ya chini iwe kwenye sentimita 25. Iachie, usiisukume. Macho yako yawe usawa wa rula, la sivyo utasoma vibaya. Mwenye simu inayorekodi kwa mwendo wa polepole, mwombe mwenzako arekodi, utaona kwa uhakika ilipofika.

Rudia mara tatu kila mahali: katikati ya uso, karibu na kingo zote mbili, na juu ya kisigino.

Soma hivi:

- Sentimita 18 hadi 22: uso mgumu, mzuri. Mdundo ni kati ya asilimia 70 na 90.
- Sentimita 13 hadi 17: inafaa kabisa kwa kazi, hasa kama bei ni ya haki. Reli nyingi zilizosimamishwa wima ziko hapa. Yangu inadunda 16.
- Sentimita 10 hadi 12: uso laini. Utafua, lakini utabonyea kila unapokosea.
- Chini ya 10: iache, hata kama ni ya bei ya bure.

Kisigino kwa kawaida kinadunda kidogo kuliko katikati, kwa kuwa chini yake hakuna kitu. Hilo lisikutishe. Kinachotisha ni katikati kudunda 19 na sentimita tano kutoka hapo kudunda 8. Ama pana ufa, ama mtu aliwahi kupachomelea na kupaharibu.

Ikidunda chini kila mahali kwa usawa, na mwili una alama za jina zuri, basi imewahi kuungua. Feleji iliyopewa ugumu ikipashwa moto mwingi inarudi kuwa laini, na karakana ya kawaida haina namna ya kuirudishia fuawe ya kilo 70 ugumu ule.

Kama bado una wasiwasi, malizia na tupa. Ipitishe kidogo ukingoni kwa kisigino, si katikati ya uso. Kwenye uso mgumu tupa inateleza kama juu ya kioo, au inakwaruza kwa shida. Ikiuma kwa urahisi, uso ni laini. Angalia na unga unaodondoka: unga mweusi unaochafua vidole kama mkaa ni chuma cha kusubu, na vijipande vinavyong'aa ni feleji au chuma laini.

Mwenye grainda, kwa ruhusa ya mwenye mali, aguse chini ya mguu pasipoonekana. Cheche fupi, nyekundu, zinazokufa haraka ni chuma cha kusubu. Cheche nyeupe zinazopasuka kama nyota ni feleji. Cheche ndefu za manjano zisizopasuka sana ni chuma laini au cha kufuliwa. Vaa miwani.

## Hatua ya 6: Ukikosa fuawe, simamisha reli

Walio wengi wataishia hapa, na hakuna aibu yoyote. Majembe na majiko mangapi yametoka kwenye karakana za jua kali za Kamukunji, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, yamepigiwa juu ya vipande vya reli na vyuma vizito visivyo na jina.

Kabla ya chochote, risiti. Chuma cha reli kilichong'olewa njiani ni mali ya wizi, na kuhujumu njia ya reli ni kosa la jinai. Mnamo Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikaifungua tena Mei mwaka huohuo. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, au kwenye mnada wa halali, na hifadhi karatasi. Reli si lazima. Kipande cha ekseli nene ya lori, uma wa foklifti iliyokufa, au donge lolote la feleji linatumika vilevile.

Kosa la reli ni kuilaza. Ukiilaza, pigo linapita kwenye kichwa, linaingia shingoni pembamba, na shingo inatikisika kama springi. Ndiyo ile milio inayoumiza masikio na chuma kisichofinyika. Isimamishe wima. Hapo kila kilo iko chini ya nyundo. Reli ya kilo 40 kwa mita, ukikata sentimita 60, unapata kilo 24 zote zimesimama chini ya pigo lako.

Fanya hivi:

1. Kata kwa diski ya grainda au msumeno wa chuma, mkato uwe nyoofu. Ukikata kwa gesi, saga milimita kadhaa zilizoguswa na moto hadi zitoke, kwa kuwa pale pamegeuka pagumu na pepesi kupasuka.
2. Sawazisha uso wa juu kwa grainda, malizia kwa tupa, hakikisha kwa rula ya chuma. Mwanga usipite chini ya rula.
3. Viringisha kingo zote kidogo kwa tupa.
4. Shingo ya reli, ile sehemu nyembamba, isage upande mmoja iwe butu na ya mviringo. Utaitumia kuvuta chuma kiwe kirefu haraka.

Uso wa kupigia utaonekana mdogo, kama upana wa vidole vitatu au vinne. Tazama uso wa nyundo yako, ni mdogo kuliko huo. Chuma kinapigwa mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kwa wenye feleji ya umbo la tofali: kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 40 kina kilo 31. Nacho kisimamishe.

Usijaribu kuitia reli moto na kuitumbukiza kwenye maji ili iwe ngumu zaidi. Inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Na usidanganywe na boksi lililochomelewa kwa mabamba likaitwa fuawe. Ndani ni tupu, na utupu haurudishi nyundo.

## Hatua ya 7: Pata kimo

Simama wima umevaa viatu vya kazi, mikono imelegea, kunja ngumi. Uso wa fuawe uguse vifundo vya ngumi yako. Ukifanya kazi na mpigaji wa nyundo kubwa, shusha sentimita tano.

Kwa fundi anayefua amekaa, kama wafanyavyo wahunzi wengi wa vijijini, ngumi haisaidii. Yeye, na hata aliyesimama, ahakikishe kwa ubao: laza ubao laini juu ya fuawe, piga mara kumi bila kufikiria. Tazama alama. Duara kamili, kimo ni sahihi. Mwezi mchanga upande wako, fuawe iko juu mno. Mwezi mchanga upande wa mbali, iko chini mno.

Usiruke hatua hii. Mgongo na kiwiko vinaharibika polepole, na wengi wanadhani ni uzee.

## Hatua ya 8: Isimike

Fuawe nzuri juu ya meza ya mbao ni sawa na fuawe mbaya. Nimeona mtu ana Peter Wright ya kilo 80 ameiweka kwenye fremu ya mabomba membamba, anasema haifanyi kazi vizuri. Tuliihamishia kwenye gogo, na siku ileile kazi yake ikabadilika.

Kwenye sakafu ya udongo, chimbia gogo. Urefu wake ni kimo ulichopima, toa urefu wa fuawe, jumlisha sentimita 50 hadi 60 za kuzama. Nyuzi za mti zisimame wima, kama mti ulivyoota. Ukilaza nyuzi, gogo litapasuka. Chagua mti mgumu uliokauka. Mkaratusi mbichi utapasuka ukikauka. Sehemu ya kuzama ipake lami au oili chafu dhidi ya mchwa, kisha jaza kokoto na udongo ukishindilia kila sentimita 10.

Funga gogo juu kwa pete ya chuma. Pete iwe ndogo kidogo kuliko gogo, ipashe moto hadi iwe nyekundu, iteremshe kwa koleo, mwagia maji. Itabana yenyewe. Mbao zitatoa moshi na kuungua kidogo, hilo ni la kawaida.

Kwenye sakafu ya zege, unganisha mbao nene zikisimama wima kwa bolti ndefu, au tengeneza sanduku imara ulijaze mchanga mkavu na ubao mnene juu. Mchanga unameza kelele vizuri sana. Kwa anayefanya kazi karibu na nyumba za watu, ningemshauri sanduku la mchanga.

Weka pima maji kwenye uso, pande zote mbili. Paka silikoni nene chini ya miguu, teremsha fuawe, kaza kwa chuma bapa na bolti. Zungusha mnyororo kiunoni au bandika sumaku chini ya kisigino. Mlio wa kengele ni mzuri siku ya kununua, lakini ukiusikia kutwa mwaka mzima, masikio yanakufa. Vaa na vizibo vya masikio.

Kuibeba, muwe wawili au zaidi, na msiiamini pembe kama mpini. Inazunguka ghafla.

Utajua umefaulu hivi: weka sarafu juu ya uso, piga chuma chekundu pembeni. Sarafu itatikisika tu, haitatembea. Nyundo itarudi juu karibu yenyewe, na kazi ya mkono wako itakuwa kuielekeza.

## Hatua ya 9: Viringisha kingo kabla hazijameguka

Fuawe mpya huja na kingo kali kama kisu. Kingo kali zinameguka, na kipande cha feleji kinaruka kama risasi. Pia zinakata mkunjo ndani ya chuma unachokifua, na mkunjo huo baadaye unakuwa ufa kwenye jembe la mteja.

Kwa tupa au msasa wa grainda, viringisha kingo ziwe na mviringo wa milimita 2 au 3. Karibu na pembe, sentimita chache, fanya milimita 6. Taratibu, bila kupachoma moto pakawa na rangi ya buluu. Rangi hiyo ikitokea, ugumu wa pale umeondoka.

## Matunzo ya kila siku

Usipige uso mtupu. Chuma kikipoa, rudisha motoni, usiendelee kugonga kwa mazoea. Nyundo yako nayo viringisha kingo zake, maana kona ya nyundo ndiyo inayochora miezi midogo usoni.

Usikatie usoni. Kidato kimewekwa kwa kazi hiyo, ni laini. Kwa mwenye reli, laza bamba la chuma laini kabla ya kushika tindo. Tindo ikigota uso mgumu, tindo inakufa na uso unapata jeraha.

Usiache donge kubwa la chuma chekundu likilala juu ya fuawe ndogo, wala usielekeze moto wa gesi usoni.

Fagia magamba, yale yanayobanduka kwenye chuma chekundu, kwa brashi kila baada ya moto. Yakigandamizwa yanachora chuma chako na uso pamoja.

Kutu ni suala la mahali ulipo. Dodoma utapita miezi bila shida. Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi inaweka rangi ya kahawia usiku mmoja. Jioni futa jasho na maji, pitisha kitambaa chenye mafuta safi ya mashine au ya nazi. Oili chafu ya injini iache kwa gogo. Ina uchafu unaodhuru ngozi, na ukiweka chuma chekundu juu yake utavuta moshi wake. Asubuhi futa mafuta kabla ya kuanza, ili chuma kisiteleze.

Ukingo ukimeguka, uviringishe upya uishie hapo. Usiupeleke uso kwa fundi wa mashine ausawazishe, ataondoa tabaka lile gumu ulilolilipia. Na kuchomelea uso bila kuupasha moto kwanza kunaleta nyufa. Kazi hiyo mwachie aliyeifanya mara nyingi, na umwone aliyoifanya kwanza.

Mara moja kwa mwaka rudia jaribio la goroli. Mimi naandika namba kwa rangi ubavuni mwa gogo, pamoja na mwaka. Namba ikishuka kila mahali, kaza bolti kwanza, angalia gogo kama limeoza au limeliwa na mchwa, kisha pima tena. Ikishuka mahali pamoja tu, chukua tochi, rudi kwenye mstari ule chini ya uso.